Ekegusii katika Kanzidata za Marejeo: Matumizi na Mipaka Yake

Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Nyamira, alipata kuleta mbele ya kamati ya idara pendekezo la utafiti kuhusu mfumo wa njeo katika Ekegusii. Katika ukurasa wa pili aliandika, bila kusitasita, kwamba somo hilo halijawahi kushughulikiwa na mtaalamu yeyote. Alipoulizwa amelijuaje hilo, alijibu kuwa alitafuta neno "Ekegusii" pamoja na neno la Kiingereza la njeo katika kanzidata moja maarufu ya marejeo, asipate kitu. Hakuwa akisema uwongo. Kanzidata ilimjibu kama ilivyoulizwa. Hata hivyo, mnamo mwaka 1960 W. H. Whiteley, ambaye wengi wetu tunamjua zaidi kwa kazi zake za Kiswahili, alikuwa amechapisha mjini Kampala, katika mfululizo wa East African Linguistic Studies, kazi nzima iitwayo The Tense System of Gusii. Pengo ambalo mwanafunzi wetu alidhani liko katika elimu lilikuwa katika herufi tatu tu, e-k-e, ambazo Whiteley hakuziandika.

Kisa hiki si cha kumcheka kijana. Wako wahadhiri wanaofanya kosa hilo hilo kwa njia nyingine, na wako wanaozikwepa kanzidata kabisa kwa kuona kuwa ni vyombo vya wanasayansi wa maabara. Makala haya yanakusudia kueleza kanzidata za marejeo ni nini, zinafanyaje kazi, na namna msomi wa lugha aliyeko Kisii au Nyamira, mbali na maktaba kubwa za Nairobi, anavyoweza kuzitumia bila kutawaliwa nazo. Mifano yetu karibu yote itatokana na maandishi yahusuyo Ekegusii, lugha ya watu ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 2.7 nchini Kenya. Anayeshughulikia Kikuria, Kilogooli au Kidigo atabadilisha majina tu.

Chanzo cha faharasa ya marejeo

Tangu zamani maktaba zetu zimetumia faharasa za mada. Mkutubi hukipa kitabu kichwa cha mada, na msomaji hukitafuta kwa kichwa hicho. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba msomaji hana budi kuwaza kama alivyowaza mkutubi. Faharasa ya marejeo hufuata njia nyingine. Haiulizi kitabu kinahusu nini, bali huuliza nani amemtaja nani. Mwandishi anapoorodhesha mwishoni mwa makala yake kazi alizozitumia, huwa amefunga uzi kati ya kazi yake na kila mojawapo ya hizo. Nyuzi hizo zikikusanywa kutoka majarida maelfu, kisha zikapangwa upya kwa jina la mwenye kutajwa, hupatikana chombo kinachoweza kumwambia msomaji wa leo ni akina nani walioisoma kazi ya mwaka 1960 katika miaka yote iliyofuata.

Wazo lenyewe lilitoka kwa wanasheria. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1873, Frank Shepard alikuwa akitoa orodha za hukumu za mahakama na kuonyesha ni hukumu zipi za baadaye zilizozitaja, ili wakili asije akasimama mbele ya jaji akitegemea hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Eugene Garfield aliliona jambo hilo, naye mwaka 1955 akapendekeza katika jarida la Science kwamba elimu nayo ifanyiwe vivyo hivyo. Taasisi aliyoianzisha mjini Philadelphia ilitoa faharasa ya sayansi mwaka 1964, ya sayansi za jamii mwaka 1973, na ya fani na taaluma za utu mwaka 1978. Mfuatano huo yafaa uangaliwe. Sisi wa lugha na fasihi tulikuja mwisho, tukakuta vipimo vimekwisha kukatwa kwa miili ya wanakemia na madaktari: makala mafupi, ya Kiingereza, yanayotajana upesi katika muda wa miaka miwili mitatu.

Majalada ya faharasa hizo yalihamia kwenye kompyuta, na tangu mwaka 1997 yanasomwa kwa njia ya mtandao kwa jina la Web of Science, ambayo ilipofika mwaka 2016 ilikabidhiwa kampuni ya Clarivate. Mwezi wa Novemba 2004 zilizaliwa mbili kwa mpigo: Scopus ya kampuni ya Elsevier, na Google Scholar. Mwaka 2022 ikaongezeka OpenAlex, ambayo takwimu zake ni wazi kwa kila mtu. Tofauti iliyo kubwa kati ya hizi haiko katika wingi wa kumbukumbu bali katika mlango. Web of Science na Scopus huchagua majarida yatakayoingia, na chuo hulipa ili wasomaji wake wafunguliwe. Google Scholar haina kamati wala ada. Huzoa chochote chenye sura ya kitaaluma, hata tasnifu zilizowekwa katika hazina za mtandaoni za Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa anayetafuta habari za Ekegusii, uzoaji huo ni neema, maana sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu lugha hiyo imo ndani ya tasnifu. Lakini hiyo hiyo huleta kazi moja mara tatu kwa majina matatu, na huweza kuuchukua mhutasari wa somo la darasani kuwa ni makala.

Inafaa pia kutochanganya kanzidata ya marejeo na ghala la majarida. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, ni ghala la namna hiyo, na Kioo cha Lugha cha Dar es Salaam humo kimo. Jarida kuwamo katika ghala hilo hakumaanishi kwamba limo pia katika Scopus.

Kumfuata Whiteley

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Jambo la kwanza alilopaswa kulifanya ni la kiisimu kabla ya kuwa la kikompyuta: kujiuliza jina la lugha limeandikwa kwa sura ngapi. Mgusii husema Ekegusii kwa lugha, Abagusii kwa watu, Omogusii kwa mtu mmoja. Mwanaisimu hutambua mara moja kuwa shina ni moja na viambishi ni vya ngeli. Mashine haina habari ya ngeli. Kwake hayo ni maneno matatu yasiyo na udugu wowote. Tena kiambishi chenyewe hakitulii, kwa sababu Ekegusii hutii Kanuni ya Dahl: tunapata eke- katika Ekegusii, lakini ege- katika egetabu, yaani kitabu, kwa kuwa shina linaanza na konsonanti isiyo ghuna. Mtu asiyejua hilo akibahatisha tahajia ya istilahi za wenyeji ataziandika vibaya na kurudi mikono mitupu.

Kisha kuna historia ya jina. Waandishi wa kizazi cha kwanza, kwa desturi ya wanaisimu na wanaanthropolojia wa Kiingereza ya kuondoa viambishi, waliandika Gusii. Ndivyo alivyofanya Philip Mayer katika The Lineage Principle in Gusii Society ya mwaka 1949. Ndivyo alivyofanya Whiteley, si katika kazi ya njeo tu bali hata katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1956, A Practical Introduction to Gusii. Robert LeVine na Barbara LeVine waliita kitabu chao cha mwaka 1966 Nyansongo: A Gusii Community in Kenya, na mwanahistoria William Ochieng akafuata desturi hiyo hiyo mwaka 1974. Waliokuja baadaye walirudisha kiambishi. Lee Bickmore aliandika Ekegusii katika makala yake ya toni ya mwaka 1999. Jelle Cammenga vivyo hivyo katika sarufi yake ya mwaka 2002. Nathan Oyori Ogechi katika tasnifu yake ya Hamburg ya mwaka huo huo, juu ya uchanganyaji wa Ekegusii, Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Na Carlos Nash katika tasnifu ya toni ya mwaka 2011 huko Santa Barbara.

Kwa hiyo anayetafuta kwa "Ekegusii" peke yake anawapata wanafunzi bila walimu wao, na anayetafuta kwa "Gusii" peke yake anawapata walimu bila wanafunzi. Kuna na neno la tatu, "Kisii", ambalo ni jina la mji na la utawala. Hilo huleta hospitali, malaria ya nyanda za juu, chai, ndizi na mawe ya sabuni ya Tabaka, na isimu kidogo sana. Ila kwa mtu anayechunguza istilahi za wachongaji wa mawe hayo, huko ndiko kwa kuanzia. Majina yote yaandikwe pamoja katika ombi moja, yakiunganishwa kwa OR kwa herufi kubwa. Web of Science na Scopus huruhusu nyota kuwekwa mbele ya shina, kwa mfano *gusii, ikazoa viambishi vyote kwa mkupuo mmoja. Google Scholar haikubali nyota ya namna hiyo. Yasisahauliwe pia majina ya namba: E42 katika uainishaji wa Guthrie, JE42 katika orodha iliyosahihishwa na Jouni Maho, na guz katika orodha ya kimataifa ya lugha. Makala yanayolinganisha lugha 40 za Kibantu huenda yasiwe na neno Gusii katika kichwa wala mhutasari, bali E42 ndani ya jedwali.

Baada ya kupata kazi moja ya uhakika, kutafuta kwa maneno kuachwe na kufuata nyuzi kuanze. Njia ya kurudi nyuma kila mtu anaijua, nayo ni kusoma orodha ya marejeo. Njia ya kwenda mbele ndiyo zawadi ya pekee ya kanzidata hizi. Katika Google Scholar chini ya kila kazi kuna idadi ya waliyoitaja. Ukibonyeza hapo, kizazi kinachofuata hujipanga. Katika Web of Science kuna jambo lisilojulikana na wengi, nalo ndilo lenye faida zaidi kwetu. Kazi kama ya Whiteley, iliyotolewa katika mfululizo mdogo wa Kampala, haitarajiwi kuwa na kadi yake humo. Lakini upo utafutaji wa marejeo yaliyotajwa, ambao huchungulia ndani ya orodha za makala yaliyomo. Andika Whiteley, andika mwaka 1960, na kama kuna mwandishi wa jarida lililosajiliwa aliyemtaja, jina litatokea hata kama kitabu chenyewe kimebaki nje ya lango. Tafuta kwa subira, kwa maana kazi moja huweza kutokea kwa sura nyingi: mmoja ameandika herufi moja ya jina, mwingine mbili, mwingine amekosea mwaka. Kila sura yapasa kutiwa alama kabla ya kuomba matokeo.

Njia ya tatu ni ya kando. Henry Small alionyesha mwaka 1973 kwamba kazi mbili zinazotajwa pamoja mara kwa mara huwa na undugu wa mada, hata kama waandishi wao hawajawahi kusikiana. Chukua makala ya Davy na Nurse juu ya Kanuni ya Dahl, yaliyotoka mwaka 1982 katika Journal of African Languages and Linguistics. Anayeandika juu ya viambishi vya Ekegusii akiwafuata wanaoyataja makala hayo ataangukia kazi za Kikuyu na Kikuria ambazo hakuna neno la kutafutia lingemfikisha kwazo. Mimi binafsi nimepata mengi kwa njia hii kuliko kwa nyingine zote, na karibu kila mara niliyoyapata sikuwa nayatafuta.

Kwa aliye Nyamira na kifurushi cha intaneti kinachoyeyuka, utaratibu wenyewe ni huu: aanze na Google Scholar kwa simu, aandike pembeni majina na miaka tu, kisha asafiri siku moja hadi maktaba ya chuo, mathalani ile ya Chuo Kikuu cha Kisii, ambako vyuo vyetu hupata majarida ya kulipiwa kwa ushirika wa maktaba za Kenya ulioundwa mwaka 2003. Akifika huko na orodha mkononi, saa tatu zitamtosha.

Suala la majina ya waandishi

Kanzidata zilibuniwa na watu ambao jina lao la mwisho ni la ukoo na hurithiwa. Majina yetu hayakubali mpango huo kwa urahisi. Mgusii ana jina la ubatizo, jina lake la kuzaliwa, na jina la baba; leo huandika mawili, kesho matatu, na siku ya tatu huweka herufi za mwanzo. Nyakundi, Moraa, Kemunto, Mogaka ni majina ya maelfu ya watu. Mashine inapokuta J. Nyakundi wa kilimo na J. Nyakundi wa fonolojia huwafanya kuwa mtu mmoja mwenye elimu ya ajabu. Na inapokuta mwanamke aliyechapisha kwa jina la baba yake, kisha kwa jina la mume, humkata vipande viwili, na kila kipande kikapewa nusu ya kazi zake.

Dawa iliyopo ni namba ya utambulisho ya mtafiti iitwayo ORCID, inayotolewa bila malipo tangu mwaka 2012, pamoja na kuchagua sura moja ya jina na kudumu nayo. Shauri hili laonekana dogo, lakini nimeona mhadhiri akiingia katika usaili wa kupandishwa cheo na orodha ya kazi 14, huku kanzidata ikimtambua kwa 5. Zile 9 zilikuwa zimeandikwa kwa jina lake la kati.

Yasiyoonekana

Yote tuliyoyasema hadi sasa yanahusu kuona zaidi. Lakini hata mtafutaji hodari atagonga ukuta, na ni wajibu wa msomi kujua ukuta uko wapi, asije akadhani ni mwisho wa dunia.

Kiswahili chenyewe kiko pembeni mwa ukuta huo. Makala mengi ya majarida yetu ya miaka ya 1970 na 1980 yaliweka marejeo katika tanbihi za chini ya ukurasa, au hayakuyaweka kabisa. Mulika, iliyoanza mwaka 1971, iliandikiwa pia msomaji wa kawaida, na hilo lilikuwa sifa yake. Mashine haiwezi kufunga uzi ambao mwandishi hakuusokota. Hata leo, jarida linapomtaka mwandishi atoe kichwa cha makala kwa Kiswahili na tafsiri yake kwa Kiingereza, wanaomtaja hugawanyika, nusu wakitumia kichwa hiki na nusu kile, na makala moja yakahesabiwa kuwa mawili dhaifu. Mifumo iliyozoeshwa vifupisho vya Kiingereza yaweza pia kukwama kwa "na wenzake", au kulichukua neno "(mh.)" kuwa ni sehemu ya jina la mhariri.

Vitabu navyo huonekana kwa uchache kuliko makala, na kamusi kwa uchache kuliko vitabu. Kamusi ya Ekegusii ya Bosire na Machogu, iliyotoka mwaka 2013, hutumiwa na mwalimu, na mtafsiri, na mtangazaji wa redio; lakini hakuna hata mmoja wa hao anayeandika orodha ya marejeo. Kutumika na kutajwa ni mambo mawili.

Halafu kuna suala ambalo wanaisimu wa nyanjani hatulizungumzi vya kutosha. Tofauti za lahaja ya Rogoro na ile ya Maate ya upande wa kusini hatukuzipata katika Scopus. Tulizipata kwa wazee waliokaa nasi vibarazani Bobasi, Bomachoge na Mugirango, wakatusahihisha matamshi kwa uvumilivu wa ajabu. Mzee aliyemtajia mtafiti methali 300 anashukuriwa katika dibaji kwa neno "wasailiwa", na tangu hapo kila anayezitumia methali hizo humtaja mtafiti. Kanzidata haikubuni dhuluma hiyo. Ilizikuta desturi zetu za uandishi, ikazihesabu. Mwandishi anaweza walau kuingiza mazungumzo hayo katika orodha yake kwa jina la msemaji, mahali na tarehe, kwa ridhaa ya msemaji mwenyewe. Yule asiyependa kutajwa ana haki yake pia.

Mfano mmoja utaonyesha ni kwa nini idadi ya marejeo isichukuliwe kuwa mizani ya thamani. Robert LeVine na wenzake walitoa mwaka 1994 kitabu kiitwacho Child Care and Culture, kilichotokana na utafiti wa miaka mingi juu ya malezi ya watoto wachanga miongoni mwa Wagusii. Kitabu hicho husomwa na wanasaikolojia, madaktari wa watoto na wanaanthropolojia wa nchi nyingi, kwa hiyo hutajwa sana. The Tense System of Gusii inaweza tu kutajwa na wanaojali njeo za Kibantu, nao ni jamaa ndogo duniani kote. Ukilinganisha idadi hizo mbili umepima ukubwa wa jamaa mbili za wasomaji. Ubora wa Whiteley hujaugusa. Ndiyo maana mhadhiri wa Ekegusii kuwekwa katika safu moja na mhadhiri wa afya ya jamii, kisha wakapangwa kwa idadi ya kutajwa, ni kazi isiyo na maana, hata ikifanywa kwa jedwali zuri.

Kuchapisha na kupandishwa cheo

Jambo hilo lingekuwa la nadharia tu kama lisingegusa mishahara. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya mwaka 2014 vilitia mkazo machapisho katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na tangu hapo swali la "limesajiliwa wapi?" husikika katika kila usaili. Pamoja nalo limekuja swali la kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtu ana h ya 4 ikiwa anazo kazi 4 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 4. Kipimo hicho hutegemea kanzidata iliyoulizwa, na mtu yule yule aweza kuwa na h tatu tofauti katika kanzidata tatu kwa siku moja. Anayeandika namba hiyo katika wasifu wake aandike pia imetoka wapi na tarehe gani. Anayependa kujitetea mbele ya kamati anaweza kutaja Tamko la San Francisco, lililoandaliwa mwaka 2012, ambalo linazitaka taasisi zisimhukumu mtafiti kwa kipimo cha jarida alilochapishia.

Hofu ya usaili ndiyo iliyonenepesha majarida ya kilaghai. Mimi mwenyewe nimepokea barua ya kunisifu kwa "mchango mkubwa katika uhandisi", ikiniomba makala juu ya viambishi vya ngeli katika muda wa siku 5, pamoja na ada. Barua za namna hiyo nyingi hudai kuwa jarida limo katika Scopus. Dai hilo lisihakikishwe katika ukurasa wa jarida lenyewe hata kidogo. Scopus na Web of Science huweka wazi orodha za majarida yao bila kudai ada. Mtu atafute kwa namba ya ISSN, si kwa jina, kwa sababu wapo wanaoiba jina la jarida halali na kujenga tovuti ya kufanana nalo. Aangalie pia kama usajili bado unaendelea, maana majarida huondolewa, na makala yaliyotoka baada ya kuondolewa hayahesabiwi. Tena si kila jarida lisilosajiliwa ni la ulaghai. Mengi ya majarida ya idara zetu hayamo Scopus kwa sababu tu hutoka kwa kuchelewa au hayana mtu wa kujaza fomu.

Hapa neno liwaendee wahariri zaidi kuliko waandishi. Jarida linaloyapa makala yake alama ya kudumu ya DOI, na kuweka orodha za marejeo katika daftari la pamoja la Crossref, husomwa na OpenAlex na nyinginezo bila kuombwa. Gharama yake ipo, lakini ni ndogo kuliko ya toleo moja la karatasi. Waandishi nao wakitajana, si kwa kubebana bali kwa sababu wamesomana kweli, nyuzi zitaonekana. Nimepitia tasnifu za Kiswahili juu ya toni zisizomtaja hata Mwafrika mmoja aliyeandika kwa Kiswahili, ilhali kazi hizo zilikuwa kwenye rafu ya nyuma ya mgongo wa mtahiniwa.

Pendekezo la mwanafunzi wetu lilirudi baada ya wiki sita. Mada ilikuwa imefinywa hadi njeo za wakati uliopita katika usemi wa Maate, na data alitarajia kuzikusanya Mugirango Kusini. Sentensi ya ukurasa wa pili ilikuwa imefutwa. Mahali pake palikuwa na aya tatu, ya kwanza ikianza kwa jina la Whiteley, na pembeni mwake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi namba ya rafu ambako alikikuta kitabu.